Msuli Uliotulia Haukulala

Vitabu vya baiolojia vya shule huanza habari ya msuli pale unapokaza. Neva inaleta taarifa, kalsiamu inamwagika ndani ya seli, nyuzi zinateleza, goti linakunjwa. Mwanafunzi anafunga kitabu akiamini kwamba kabla ya hapo hapakuwa na lolote. Msuli ulikuwa umelala, ukaamshwa. Kwa mtihani maelezo hayo yanatosha, lakini yanaanzia mwisho wa habari, na anayeanzia mwisho hukosa kuuliza swali lililo gumu zaidi. Ushahidi uliokusanywa katika maabara tangu miaka ya 1940 unaonyesha kwamba mashine ya kuvuta iliyomo ndani ya msuli huwa tayari muda wote na nishati yake imekwisha kuingizwa. Inachokosa ni ruhusa. Kwa hiyo linalodai maelezo zaidi ni kutokaza kwa msuli kuliko kukaza kwake. Hoja yangu ni kwamba protini zinazodhibiti msuli ni, kwanza kabisa, protini za kuzuia, na kwamba kile tunachokiita amri ya kukaza, ukikitazama kwa karibu, ni kuondolewa kwa katazo.

Tuanze na mashine yenyewe. Seli ya msuli wa mifupani imejaa nyuzi ndefu, na kila uzi umegawanyika katika vipande vilivyopangwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa na urefu wa kama sehemu mbili kati ya elfu moja za milimita. Ndani ya kila kipande mna nyuzi nene za protini iitwayo miosini, zimelala sambamba na nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini. Uzi mmoja mnene hubeba molekuli za miosini zipatazo 300, kila molekuli ina vichwa viwili vilivyochomoza ubavuni, na vichwa hivyo ndivyo vinavyoshika aktini na kuivuta. Mwaka 1954 makala mbili zilitoka katika toleo moja la jarida la Nature, moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson (akina Huxley hao hawakuwa na udugu wowote), zikaonyesha kwamba msuli unapofupika nyuzi zenyewe hazifupiki. Zinateleza, nyembamba zikiingia katikati ya nene. Hilo linajulikana sana. Lisilosemwa mara nyingi ni saa ambayo nishati hulipwa. Kichwa cha miosini hupokea molekuli ya ATP, inayobeba nishati ya seli, huivunja, hubadili umbo lake na kubaki kimeshikilia vipande vyake, na yote hayo hutokea kabla hakijaishika aktini. Ni mtego uliokwisha kutegwa: nguvu ya mtegaji imekwisha kutumika, na kinachosubiriwa ni mguso tu. Kichwa kikishaishika aktini, vipande vile huachiliwa, kichwa huinama, na uzi husogea nanomita chache. Fikiria basi hali ya msuli uliotulia. Vichwa vimetegwa kwa mamilioni, aktini iko umbali wa nanomita chache tu, ATP ni tele pembeni, na bado hakuna kinachosogea.

Kwamba mashine hiyo inajitosheleza tulianza kulijua mjini Szeged, Hungaria, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Albert Szent-Györgyi, aliyekuwa amekwisha kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1937, akishirikiana na Ilona Banga na Brunó Straub, alitengeneza nyuzi bandia kutokana na protini za msuli wa sungura. Straub ndiye aliyetenganisha aktini. Nyuzi hizo hazikuwa na seli wala neva, lakini zilipotiwa kwenye maji yenye ATP zilijikunja. Kwa kawaida jaribio hilo husifiwa kwa kuonyesha kwamba mwendo, alama ya kale ya uhai, unaweza kutokea ndani ya chupa. Mimi naona lilionyesha jambo la pili ambalo halikusifiwa. Nyuzi zile zilivuta bila kungoja chochote, na zilipomaliza kuvuta hazikulegea. Walichokipata Szeged kilikuwa nguvu ya msuli bila nidhamu ya msuli, na ilichukua zaidi ya miaka ishirini kujua nidhamu hiyo inakaa wapi.

Ugumu ulitokana na kwamba kizuizi hakionekani kikifanya kazi. Kinachoonekana ni kichochezi, na hicho kilipatikana mapema. London, mwaka 1883, Sydney Ringer aligundua kwamba moyo wa chura uliopiga vizuri katika maji ya bomba yaliyotiwa chumvi ulidhoofika katika maji yaliyokenekwa, na kwamba tofauti ililetwa na kalsiamu. Mwaka 1947, nchini Marekani, Lewis Heilbrunn na Floyd Wiercinski walidunga chumvi mbalimbali ndani ya seli za msuli wa chura, na kati ya zile za kawaida mwilini ni kalsiamu peke yake iliyozifanya seli zifupike. Watu hawakushawishika. A. V. Hill, bingwa wa fiziolojia ya msuli, alipiga hesabu akaonyesha kwamba kitu kinachoanza safari kwenye utando wa seli hakiwezi kusambaa hadi katikati kwa kasi ambayo msuli huitika. Hesabu ilikuwa sahihi. Hakujua, na hakuna aliyejua wakati huo, kwamba utando una vijia vinavyozama hadi ndani, na kwamba kalsiamu inayohusika hutoka kwenye vifuko vinavyozizunguka nyuzi pande zote. Pingamizi la pili lilikuwa zito zaidi. Aktini safi na miosini safi zikichanganywa na ATP hazikujali kama kalsiamu ipo au haipo. Ziliendelea na kazi yake. Wanakemia wengi wa miaka ya 1950 walihitimisha kwamba kalsiamu haihusiki, na kwa mantiki ya kawaida ni vigumu kuwalaumu.

Setsuro Ebashi wa Chuo Kikuu cha Tokyo hakukubali. Yeye aliona, kama alivyoona Annemarie Weber aliyekuwa akifanya kazi Marekani, kwamba protini za msuli zilizotolewa bila kusafishwa sana zilitii kalsiamu: ukiiondoa yote, hata ile chembechembe inayojificha katika maji na vyombo vya maabara, zinaacha kuvunja ATP; ukiirudisha, zinaanza tena. Zilizosafishwa kabisa hazikutii. Basi huenda kusafisha kwenyewe kulikuwa kunaondoa kitu. Kufikia mwaka 1963 Ebashi alikuwa amepata kutoka kwenye msuli mchanganyiko wa protini ambao, ukirudishwa kwenye aktini na miosini safi, unarudisha utii. Sehemu yake moja ilikuwa tropomiosini, ambayo Kenneth Bailey wa Cambridge aliieleza mwaka 1946 bila mtu yeyote kujua kazi yake. Sehemu ya pili ilikuwa ngeni, na mwaka 1965 yeye na Ayako Kodama waliipa jina la troponini. Jaribio hili linafaa kusomwa polepole, maana ndilo nguzo ya hoja yangu. Aktini na miosini peke yake: zinafanya kazi. Ongeza troponini na tropomiosini, bila kalsiamu: kazi inasimama. Ongeza kalsiamu: kazi inarudi, yaani mashine inarudia kufanya kile ilichokuwa ikikifanya kabla protini zile mbili hazijaletwa. Hakuna hatua yoyote katika mfuatano huo ambapo kalsiamu inaipa miosini nguvu. Kalsiamu haishughuliki na miosini hata kidogo. Inashughulika na aliyeizuia. Kuna kejeli ndogo hapo, kwamba usafi ambao wanakemia waliutafuta kwa bidii ndio uliokuwa ukiufuta ushahidi.

Namna kizuizi kinavyokaa imekwisha kuchorwa vizuri. Tropomiosini ni kamba nyembamba yenye urefu wa takriban nanomita 40, imelala kwenye mfereji wa uzi wa aktini, ikifunika molekuli 7 za aktini kwa mkupuo. Kwa kila kamba kuna troponini moja yenye sehemu tatu zinazoitwa kwa herufi: T inaifunga na tropomiosini, I inazuia, na C inapokea kalsiamu. Msuli ukiwa umetulia, I huishika aktini na kuibana tropomiosini mahali ambapo inafunika sehemu ambayo kichwa cha miosini kingeshika. Katika hali hiyo kalsiamu ndani ya seli ni kidogo mno, kama sehemu moja kwa kumi ya mikromoli kwa lita, karibu mara elfu kumi pungufu ya ile iliyoko nje ya seli. Taarifa ya neva ikifika, vifuko hufunguka, kiasi hicho hupanda mara kumi au zaidi kwa muda wa elfu chache za sekunde, C hupokea kalsiamu na kufunua mfuko mdogo unaoinasa sehemu ya mwisho ya I, I huiachia aktini, na tropomiosini huteleza pembeni. Picha za eksrei zilizochapishwa miaka ya 1972 na 1973, kutoka kwa Hugh Huxley, John Haselgrove, na David Parry pamoja na John Squire, zilionyesha kusogea huko, na hadubini za kisasa zimekuthibitisha. Hospitalini troponini ina umaarufu wa namna nyingine kabisa. Daktari anayeshuku mshtuko wa moyo hupima kiwango chake katika damu, kwa sababu seli za moyo zinapokufa humwaga troponini yake nje. Protini hii iliyofanya kazi ya kuzuia usiku na mchana hujulikana kwa jina pale tu inapokutwa mahali isipostahili kuwa.

Msomaji makini atasema kwamba nachezea maneno. Kila swichi inaweza kuelezwa kwa njia mbili. Mtu anayeiwasha taa anaweza pia kusemwa kwamba ameondoa kizuizi cha umeme, na hakuna kilichobadilika duniani ila namna ya kusema. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama kusingekuwa na njia ya kuzipima kauli hizo mbili. Njia ipo, na ni rahisi: mwondoe mdhibiti kabisa, uone mashine inaelekea wapi. Kama mdhibiti alikuwa mwashaji, mashine itazimika. Kama alikuwa mzuiaji, itaendelea bila kusimama. Ebashi alifanya hivyo na mashine iliendelea. Jaribio lile lile lilirudiwa kwa mnyama wa mbali kabisa. Viumbe wa baharini wenye magamba mawili, jamii ya chaza, wana msuli wa kufungia gamba ambao kalsiamu yake haishiki troponini ya uzi mwembamba, bali inashika miosini yenyewe, shingoni, mahali penye protini ndogo mbili zinazoizunguka. Mwaka 1970 John Kendrick-Jones, William Lehman na Andrew Szent-Györgyi, wa ukoo wa yule wa Szeged, walieleza mfumo huo. Ikaonekana kwamba ukiinyofoa protini moja kati ya zile ndogo, msuli hauhitaji kalsiamu tena: unavunja ATP wakati wote, bila kiasi. Mahali tofauti, protini tofauti, mnyama tofauti, jibu moja. Swichi ya taa ukiing'oa ukutani, taa haiwaki.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye misuli laini, ile ya utumbo, ya kuta za mishipa ya damu, ya mji wa mimba. Humo hakuna troponini. Kalsiamu huungana na protini iitwayo kalmodulini, nayo huchochea kimeng'enya kinachobandika kikundi cha fosfati kwenye miosini, na miosini isiyobandikwa fosfati hiyo haifanyi kazi. Hapa basi, mpinzani atasema, miosini inawashwa kweli; imetoka hali ya kutofanya kazi ikaingia hali ya kufanya kazi kwa kupewa kitu. Kwa miaka mingi jibu la haraka halikuwepo. Lilipatikana kwa kuangalia umbo. Miosini ya msuli laini isiyo na fosfati haikai imenyooka ikisubiri. Imejikunja, vichwa vyake viwili vimelala kimoja juu ya kingine na kurudi nyuma juu ya mkia wao wenyewe, hivi kwamba kimoja kinaziba sehemu ya mwenzake ya kushikia aktini. Fosfati huvuruga mkunjo huo na vichwa huachana. Na ukivitenganisha vichwa hivyo kwa kimeng'enya cha kukata, ukapata kichwa kimoja kimoja bila mwenzake na bila mkia, kinafanya kazi bila kudai fosfati. Kwa hiyo hata hapa kilichoonekana kama kuwasha ni kufungua, tofauti ikiwa kwamba mzuiaji ni molekuli ile ile inayozuiwa. Mfuatano wa mageuzi unaelekea huko pia. Aktini na miosini zimo ndani ya amiba, ndani ya hamira, ndani ya karibu kila seli yenye kiini. Troponini ni ya wanyama. Uwezo wa kuvuta ulitangulia kwa muda mrefu sana, na vizuizi vya aina mbalimbali vilikuja kuwekwa juu yake, kila ukoo wa viumbe kwa mtindo wake.

Wapo watakaouliza gharama. Kama kutulia ni kuzuiwa, mbona msuli uliopumzika hautumii nishati nyingi, ingawa misuli ya mifupani ni kama asilimia 40 ya uzito wa mtu mzima? Swali hili linanilazimu kusema kwa uangalifu zaidi. Kuzuia hakuhitaji juhudi endelevu pale kunapofanywa na umbo: tropomiosini iliyolala juu ya aktini hailipi chochote kwa kulala. Uchunguzi wa Roger Cooke na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, umeonyesha kwamba vichwa vingi katika msuli wa mifupani uliopumzika vimejikunja kwa namna inayofanana na ile ya msuli laini, na kila kimoja kinachukua dakika kadhaa kumaliza ATP moja, wakati kichwa kinachofanya kazi humaliza kadhaa kwa sekunde moja. Gharama iko kwingine, kwenye kulirudisha katazo baada ya kuliondoa. Kalsiamu iliyomwagika lazima ipandishwe tena ndani ya vifuko, dhidi ya mwelekeo wake wa kusambaa, na pampu inayofanya kazi hiyo hutumia ATP moja kwa kila kalsiamu mbili. Vilevile kichwa kilichoishika aktini hakiiachii mpaka kipate ATP mpya. Ndiyo sababu maiti hukakamaa saa chache baada ya kifo: ATP imekwisha, kalsiamu imevuja, vichwa vimeshika na haviwezi kuachia, mpaka protini zenyewe zianze kuvunjika. Mchinjaji anayeiacha nyama itulie kabla ya kuiuza anangojea kuvunjika huko. Msuli usio na nishati kabisa haulegei. Unakaza na kubaki hivyo.

Kinachotokea gharama hiyo isipodhibitiwa kilielezwa Melbourne mwaka 1960 na Michael Denborough na Richard Lovell. Kijana mwanafunzi mwenye miaka 21 aliletwa hospitalini akiwa amevunjika mguu, na alichokiogopa zaidi ya mguu kilikuwa dawa ya usingizi, kwa sababu jamaa zake kumi walikuwa wamekufa baada ya kupewa etha. Alipewa dawa nyingine, joto la mwili likapanda, akaponea chupuchupu. Leo tunajua kwamba katika ukoo kama huo mlango wa protini unaozuia kalsiamu kutoka kwenye vifuko una hitilafu, na baadhi ya dawa za usingizi huufanya ubaki wazi. Misuli yote hukaza kwa pamoja, pampu zinahangaika kuirudisha kalsiamu, ATP inateketezwa pande zote mbili, na mgonjwa anaungua kwa joto la misuli yake mwenyewe. Hakuna neva iliyotoa amri. Pepopunda, ugonjwa ulioua watoto wachanga wengi mno Afrika Mashariki, unafanana na hali hiyo ingawa chanzo chake kiko ngazi ya juu zaidi: sumu ya bakteria wake hukata protini ambayo neva za uti wa mgongo huitumia kumwaga kemikali za kutuliza, na zile za kukaza zinabaki bila mpinzani. Hata mfumo wa neva, inaonekana, umejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo, ingawa kulithibitisha hilo ni kazi ya makala nyingine.

Moyo unastahili kutazamwa peke yake, kwa kuwa humo kulegea ni nusu ya kazi. Chumba cha moyo kisipolegea hakijai damu, na kisichojaa hakina cha kusukuma. Wawindaji wa Kiwaata, Kigiriama na Kikamba waliotumia mishale ya sumu iliyopikwa kutokana na msunguti walikuwa na maarifa ya vitendo juu ya jambo hili kabla fiziolojia haijalipa maelezo. Kiini cha sumu hiyo, wabaini, huzuia pampu inayotoa sodiamu nje ya seli. Sodiamu inapolundikana, mlango mwingine unaobadilishana sodiamu na kalsiamu unashindwa kuitoa kalsiamu, na seli za moyo zinafurika. Kwa kiasi kidogo moyo hupiga kwa nguvu zaidi. Kwa kiasi kikubwa mapigo huvurugika na moyo husimama. Sumu ya jamaa yake, ile ya mmea wa kombe kutoka bonde la Zambezi na Shire, ilimfikia Thomas Fraser wa Edinburgh kupitia safari ya Livingstone. John Kirk, aliyekuwa daktari wa safari hiyo na baadaye akakaa miaka mingi Zanzibar kama mwakilishi wa Uingereza, aligundua athari yake kwa bahati tu, mswaki wake ulipochafuliwa na sumu na mapigo yake yakapungua. Fraser aliona kwamba moyo wa chura uliopewa sumu hiyo kwa wingi husimama ukiwa umekaza. Sitaki kulivuta jambo hili kupita kiasi, kwani mnyama mkubwa huuawa na mvurugiko wa mapigo kuliko kukaza kwenyewe. Lakini dawa za ukoo huo zimetibu mioyo dhaifu kwa karne mbili, na sababu ya mwanya mwembamba kati ya dozi inayoponya na inayoua ni hiyo: zinaongeza nguvu kwa kudhoofisha kinachoirudisha kalsiamu.

Linganisha na namna mwili wenyewe unavyouhimiza moyo. Adrenalini, homoni ya haraka na hofu, huongeza kalsiamu inayoingia, jambo linalotarajiwa. Lakini pia hubandika fosfati kwenye troponini I ya moyo, na matokeo yake ni kwamba troponini C huiachia kalsiamu mapema zaidi. Zaidi ya hapo, hubandika fosfati kwenye fosfolambani, protini ndogo ambayo kazi yake yote ni kuizuia pampu ya kalsiamu. Fosfolambani hujiondoa na pampu hukimbia. Yaani homoni ya kuhimiza hutumia sehemu kubwa ya juhudi zake kuharakisha kurudi kwa katazo, na hata hilo hulifanya kwa kumwondoa mzuiaji wa mrejeshaji. Moyo unaopiga mara 180 kwa dakika una theluthi moja ya sekunde kwa kila pigo, kukaza na kulegea pamoja. Nguvu peke yake isingeufikisha popote.

Nibaki mwaminifu kwa ushahidi unaonisumbua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi la Annemarie Weber lilionyesha kwamba pale vichwa vingi vya miosini vimekwisha kuishika aktini, uzi wenye tropomiosini na troponini hufanya kazi kwa kasi kuliko aktini tupu. Mzuiaji safi asingefanya hivyo. Baadaye, mwaka 1993, D. McKillop na Michael Geeves walipendekeza kwamba uzi mwembamba una hali tatu: umefungwa kabisa, umefunguliwa nusu kwa kalsiamu, na umefunguliwa kabisa kwa vichwa vyenyewe vinavyoisukuma tropomiosini zaidi, hivi kwamba vichwa vya kwanza huvirahisishia vya jirani. Kwa hiyo kalsiamu haifungui mlango wote, na protini zilizozuia hushiriki katika kuisambaza ruhusa. Hilo linaipunguza hoja yangu makali, na ni haki lipunguze: troponini na tropomiosini si ukuta. Hata hivyo mpangilio wa mambo unabaki. Ushirikiano huo hutokea baada ya katazo kuanza kulegezwa, na vichwa vinavyousukuma uzi vilikuwa na nishati yake tangu awali. Kwa moyo, ambao katika pigo la kawaida hupata kalsiamu ya kufungua sehemu tu ya nyuzi zake, hali hiyo ya katikati ndiyo inayoacha nafasi ya kuongeza au kupunguza nguvu pigo kwa pigo.

Jambo hili lingekuwa la wataalamu peke yao kama si ugonjwa mmoja unaompata takriban mtu mmoja kati ya 500, wa kunenepa kwa msuli wa moyo. Kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa ukuta mnene, kana kwamba unene ndio kasoro. Mwaka 1990 timu ya Christine na Jonathan Seidman huko Boston ilipata kosa la kwanza la jeni linalousababisha, katika miosini ya moyo, na baada yake makosa mengine yamepatikana katika troponini T, troponini I, tropomiosini, na protini nyingine inayoishika miosini. Orodha hiyo ni karibu orodha ya protini zilizotajwa katika makala haya. Moyo wenye ugonjwa huu mara nyingi husukuma kwa nguvu kupita kawaida, hulegea kwa shida, na hutumia nishati vibaya. Kwa baadhi ya makosa hayo imeonekana kwamba vichwa vya miosini hutoka kwenye mkunjo wake kwa urahisi kupita kiasi. Mwanasoka Marc-Vivien Foé wa Kamerun, aliyeanguka na kufa uwanjani Lyon mwezi Juni 2003 akiwa na miaka 28, aliripotiwa baada ya uchunguzi wa maiti kwamba alikuwa nao. Watu waliomwona akicheza hawakuona dalili ya udhaifu, na kwa kadiri ya ugonjwa wenyewe hawakukosea: kilichopungua katika moyo wa namna hiyo si nguvu.

Dawa ya kwanza iliyotengenezwa kwa kuilenga kasoro hiyo moja kwa moja, mavakamteni, iliidhinishwa Marekani mwezi Aprili 2022 kwa wagonjwa ambao msuli ulionenepa unaziba njia ya damu kutoka moyoni. Haigusi troponini wala kalsiamu. Hushika miosini na kuvifanya vichwa vingi zaidi vibaki katika hali ya mkunjo, visipatikane kwa kuvuta. Wengi wa waliopewa katika majaribio walipungukiwa na mgandamizo kwenye njia ile na kuweza kufanya mazoezi zaidi, ambalo ni jambo la kushangaza kwa dawa inayoudhoofisha msuli kwa makusudi. Kipimo chake kinahitaji uangalizi wa karibu. Anayeandikiwa hupimwa moyo kwa mawimbi ya sauti kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye, na sehemu ya damu inayosukumwa kwa kila pigo ikishuka chini ya asilimia 50, dawa husimamishwa mpaka irudi.